Koti Linaloishia Kiunoni

Mukandoli alikuwa fundi cherehani hasa. Kule Minembwe, Kongo, kabla ya vita na kambi, wazazi walimletea vitambaa vya sare, bluu na nyeupe, naye akazishona pana na ndefu ili mtoto akulie humo. Mtoto mwenye nguo fupi alisemwa mtaa mzima kwamba hana wa kumwangalia. Louisville, Marekani, hakuna aliyemuuliza habari za cherehani. Alifunga maboksi ghalani, akarudi nyumbani mtaa wa Beechmont kwa basi miguu imevimba.

Mwaka 2015 mwanawe Gisa, mwenye miaka kumi, alipokewa katika kwaya ya shule ya kanisa. Akaazimwa koti la kuimbia, jeusi, la mtindo wa zamani wa wanafunzi wa Uingereza, linaloishia kiunoni. Mukandoli alilitazama, moyo ukamchoma. Kumbe mtoto wa mkimbizi ndiye wa kupewa koti lililombana mwenzake? Hakuuliza, angemuuliza nani, na kwa Kiingereza gani? Akaikata sketi yake ya Jumapili, akaunga kitambaa chini mpaka koti likafunika makalio. Kazi safi, mshono huuoni. Gisa akalijaribu, akasema, "Asante, Mama."

Siku ya kuimba Mukandoli aliomba ruhusa kazini, akaketi mbele kabisa. Watoto wakaingia, makoti yao yote yameishia kiunoni. Ndipo alipoelewa, aibu ikampanda hadi masikioni. Akamtafuta Gisa safu kwa safu, hayumo. Akatoka, akamkuta kwenye benchi nje ya ukumbi, koti mapajani.

"Balikukatalia kuimba?"

"No. Teacher alisema atatoa ile kipande. Nikamuambia koo inaniuma."

"Inakuuma?"

"Hapana. Ungeona wametoa kazi yako, Mama. Ungejisikia vibaya."

"Bon, lete." Alianza kufumua mshono kwa meno na kucha, lakini alikuwa ameushona imara mno, na ndani watu walikuwa tayari wanapiga makofi.

Mwalimu akapita, akamuuliza Gisa kama koo limepoa. Gisa akajishika shingo, akasema bado, uso mkavu kabisa. Mukandoli aliujua uso ule. Ndio aliokuwa akiuvaa yeye kambini, sahani ikiwa moja, akimwambia mwanawe kwamba ameshakula.