Kishingo wa Shangazi

Baada ya mazishi ya mama, shangazi yetu alitupatia jogoo na kuku jike tumfugie, wote wa kishingo, wenye shingo tupu isiyo na manyoya. Aliwachagua kwa makusudi. Alitaka aitambue mali yake hata akiikuta kwenye matenga ya wachuuzi gulioni Mkiwa, maana biashara huria ilikuwa imeruhusiwa na malori ya Dar yalibeba kuku wetu kila siku ya gulio. Mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la sita miaka kadhaa nyuma, mama alipougua, ili nilee wadogo zangu. Vifaranga tungegawana naye.

Jike alipototoa, vifaranga wawili walikuwa na manyoya shingoni. Shangazi aliwatazama, kisha akanitazama mimi.

"Hawa si wangu. Umebadilisha mayai, binti."

Nilikana. Akasema mwizi hawezi kulea, na kwamba angewachukua kuku wake pamoja na kitindamimba wetu.

Mdogo wangu aliyekuwa sekondari alimweleza walivyofundishwa: shingo tupu ni jeni tawala, shingo ya manyoya ni jeni fiche. Jogoo na jike wanaweza kubeba ile fiche bila kuionyesha, na kifaranga akiirithi kwa wote wawili, anatoka na manyoya. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza kama shuleni wanafundishwa pia kumtetea dada.

Nikamwomba jambo moja tu. Awafungie kuku wale kwake mpaka jike atotoe tena; asipotoka hata mmoja mwenye manyoya shingoni, ndipo aje kumchukua mtoto. Alikubali upesi mno. Kwake hapakuwa na jogoo mwingine, na ufunguo wa banda aliufunga kwenye ncha ya kanga. Mdogo wangu akanitia hofu zaidi: alisema safari hii huenda wote wakatoka kishingo, jeni haziagizwi.

Siku aliponiita nilimkuta amechuchumaa bandani. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Kati ya vifaranga, mmoja alikuwa na manyoya shingoni.

"Kuna mtu ameingia humu," alisema.

"Ufunguo uko kwenye kanga yako, shangazi."

Aliipapasa ile ncha, akaipapasa tena. Ndipo marahaba yake ikatoka, kwa sauti ya chini.

Mtoto alibaki nyumbani. Kuku nao walirudi kwetu jioni ileile, pamoja na yule kifaranga wa manyoya, kila mmoja amefungwa uzi mwekundu wa alama mguuni.