Ufa Nyuma ya Chumba cha Nyundo

Jiwe lililolowa lina harufu yake. Si ile ya udongo wa mvua ya kwanza, ambayo kila mtu huisifu. Hii ni nzito, kali kidogo, kama chuma kilichofungiwa kabatini. Juzi nilipita mahali wanapopasua mawe ya barabara, manyunyu yakidondoka, harufu hiyo ikanishika puani, nikajikuta nina miaka tisa tena, nimebeba ndoo ya mama yangu huko Durban.

Mama alikuwa msafishaji wa makumbusho madogo juu ya mtaa wa Umbilo. Zamani pale palikuwa machimbo: wanaume walikata jiwe jeusi linalopasuka kwa matabaka kama kurasa za kitabu, likaenda kuezeka nyumba za wenye nazo. Machimbo yalipofungwa, nyumba mbili za wafanyakazi zilihifadhiwa pamoja na masufuria yao, nyundo zao, na picha za watu wasiocheka. Mwamba wenyewe ulisimama nyuma, hatua chache tu kutoka dirisha la chumba cha nyundo katika nyumba ya nyuma. Sikupenda kuupa mgongo.

Tulikuwa tumetoka Bukavu, Kongo, miaka miwili nyuma, mama na mimi. Yeye alijua Kiswahili na Kifaransa. Kizulu nilikiokota mimi, shuleni na mitaani. Kwa hiyo nilikuwa mdomo wake. Kila Jumamosi alinichukua kazini nimsemee kwa mlinzi, mzee aliyevunja mawe palepale tangu ujana wake. Nilimwita Mkhulu, yaani babu, na sikuwahi kumjua kwa jina jingine. Alipenda kusema kwamba mwamba hauui mtu kabla ya kumwambia. Shida ni kwamba watu huwa wanaongea.

Msimu wa mvua ulipoingia, mwamba ulianza kusema. Kwanza vijiwe juu ya bati, kimoja kimoja, kama mtu anayebisha hodi bila haraka. Kisha Jumamosi moja Mkhulu alituita nyuma, akatuonyesha ufa mwambani. Wiki iliyotangulia alikuwa ameupaka ukanda mwembamba wa saruji. Saruji ikikatika, alieleza, ujue mwamba unatembea. Ilikuwa imekatika. Mama aliingiza kidole ndani ya ufa, akakitoa upesi.

Msimamizi wa makumbusho, mwanamke tuliyemwita Madame, alikwishaambiwa. Alimjibu Mkhulu kwamba wazee huota mambo ya zamani, na kwamba Jumamosi inayofuata watoto wa kanisa wangekuja kukiona chumba cha nyundo. Mkhulu akamwomba mama waende naye kwa Madame, wawe mashahidi wawili.

Mama alikifuta kidole chake kwenye aproni, akaniinamia.

“Faida, mwambie hatukuona kitu.”

“Lakini mama, tumeona.”

“Makaratasi yetu ya kukaa hapa iko mu mikono ya watu. Nikipoteza hii kazi, tutaenda wapi? Mwambie.”

Nikamwambia. Mkhulu hakunitazama mimi. Alimtazama mama, kwa upole uliouma kuliko hasira, akavaa kofia yake. Jumatatu alikwenda peke yake, akakataa kutoka ofisini mpaka chumba kifungwe. Siku mbili baadaye tukasikia amefukuzwa.

Wiki ile mvua haikupumzika. Katika chumba chetu kule mtaa wa Point mama alikuwa akisonga bugali, ghafla anasimamisha mwiko hewani na kusikiliza. Nilidhani anasikiliza majirani.

Jumamosi tulifika mapema kuliko wote. Mama alifunga chumba cha nyundo, akaenda na ufunguo hadi ukingoni mwa shimo la machimbo, lililojaa maji meusi, akautupa. Kisha akarudi, akaegemeza mgongo mlangoni. Madame alipofika na watoto wapatao thelathini waliovaa makoti ya mvua, akadai ufunguo, mama alinigeukia.

“Mwambie iko mu maji. Mwambie na sababu.”

Nilisema yote kwa Kiingereza changu cha shule. Mama alifukuzwa kazi palepale, mbele ya watoto. Wao walipelekwa nyumba ya mbele, wakaonyeshwa masufuria. Fundi wa kufuli aliambiwa aje Jumatatu.

Jumapili asubuhi, watu wakiwa ibadani, mwamba ulishuka. Chumba cha nyundo kilibaki kizingiti tu. Hakuna aliyeumia. Madame hakutuita, na kazi haikurudi.

Mara tu tulipopata nauli ya teksi, tulikwenda kitongoji cha Umlazi kumtafuta Mkhulu. Tulimkuta mlangoni kwa binti yake, amejifunika blanketi. Mama aliweka chini mkate na sukari, akapiga goti.

“Mwambie tuliona,” alisema. “Mwambie siku ile tuliona.”

Mkhulu alijibu taratibu. Alisema alipokuwa kijana naye aliulizwa kama ameona ufa. Alikuwa na watoto wawili wa kulisha, akasema hapana, na wenzake watatu hawakutoka chini ya mawe. Habari ya ufunguo ilikuwa imemfikia; akasema mama amefanya alilopaswa kulifanya yeye enzi zile.

“Amesema nini?” mama aliuliza.

“Anasema si kitu,” nikajibu. Nilikuwa na njaa, na kwangu ilikuwa hadithi tu ya mzee inayomhusu mwenyewe.

Nilikuja kuelewa nikiwa na watoto wangu kwamba mama alikwenda Umlazi kwa ajili ya maneno yale, nami niliyameza njiani. Nilimpigia simu, nikamwambia yote. Akaniomba nirudie, polepole, neno kwa neno, kama Mkhulu alivyosema.