Tundu la Propela

Mwaka niliotoka chuo kikuu bila kazi, nilichora manowari nikavunja mkono wa mtu. Sikuushika mimi mkono wenyewe. Nimetafuta neno jingine kwa miaka, na hilo ndilo linalobaki.

Mwenye hoteli mmoja wa Malindi alitaka sanamu ya manowari ya zamani, ile ya mvuke na matanga pamoja, urefu wa dhiraa mbili, aiweke ukumbini. Wachongaji wa kibanda kimoja huko Muyeye, watu wa bara, walikuwa hodari wa twiga na vifaru. Meli ya kivita hawakuijua. Wakanitafuta niwachoree, kwa kuwa nilisomea mitambo.

Nilichora kama mtu aliye kwenye mtihani. Milingoti mitatu, dohani katikati, mizinga ubavuni kote. Meli hizo zilikuwa na ujanja wake: upepo ukifaa, mabaharia walizima moto, wakaishusha dohani isizuie matanga, wakaivuta propela juu kupitia tundu lililoachwa kwenye tezi, nyuma kabisa ya meli, isije ikakokota maji. Tundu hilo lilininyima raha. Bila hilo, niliona, meli yote ni uongo.

"Msomi," alisema fundi mkuu, "hili tundu ni la choo?" Watu wakacheka. "Gogo hapo nyuma lina ufa. Nikitoboa, linapasuka. Wacha hivyo."

"Lakini mzee, propela..."

"Propela itajijua."

Aliyecheka zaidi ni shemeji yake, ndugu wa mkewe, mtu mzima mwenye vidole vyembamba, aliyechonga mizinga midogo kando. Wawili hao hawakupatana tangu shemeji aseme atafungua kibanda chake. Na pale palikuwa na sheria: gogo ni la aliyelitia tezo kwanza. Mwingine akiligusa kwa chuma bila ruhusa, ametangaza vita.

Sheria hiyo niliijua. Siku tatu niliipima na propela, kipi kizito zaidi. Ya nne, walipokwenda kula mchana, nikachukua keekee ya shemeji iliyokuwa mezani, nikalilaza gogo ubavu, nikatoboa. Lilitoka tundu safi. Nikaliziba kwa nta na unga wa mbao, nikasema nitamwambia mzee jioni. Jioni alikuwa na hasira. Kesho yake alikuwa na furaha, nikaogopa kuiharibu.

Siku iliyofuata alianza kuchimba madirisha ya mizinga. Pigo la tatu la patasi, gogo likalia kama mfupa, likapasuka kutoka tezi hadi mlingoti wa kati. Ndani ya ufa ikaonekana nta, na nusu ya tundu, laini, la upana wa keekee moja tu pale kibandani.

Hakuuliza. Alimkamata shemeji ukosi, akambamiza uso mezani, akaukandamiza mkono wake wa kulia juu ya gogo.

"Unataka kazi yangu? Na mkono bado utautaka?"

"Haki ya Mungu, si mimi!"

"Keekee ni ya nani?"

Akampiga kwa kisogo cha shoka. Nilivisikia vidole. Damu ikaingia kwenye ufa wa meli. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka hapo, natunga sentensi. Nianze na samahani, au na propela? Nikisema "nilidhani", ataona najitetea? Pigo la pili lilishuka nikiwa bado nachagua. Kisha mzee akaligeuza shoka, makali yakawa chini.

"Ni mimi," nikasema.

Shoka likabaki juu. Mzee akanitazama, akautazama mkono alioushika, akauachia. Akaketi chini kwenye vumbi la mbao, wala hakunigusa.

Shemeji ndiye aliyenijia. Vidole viwili vilikuwa vimelala upande. Havikunyooka tena, tangu hapo kazi yake ikawa kupiga msasa vifaru vya wenzake, na kibanda chake hakikufunguliwa.

"Ulikuwa wapi wewe?" akaniuliza.

"Nilikuwa hapa hapa, kaka. Nilikuwa nafikiria namna ya..."

Akanipiga kinywani kwa mkono wa kushoto. Mkono huo ulikuwa bado haujajua kazi. Lilitoka jino moja tu.