Namba Sita za Muthoni

Hakuna kitu cha dunia hii kingenishangaza. Hivyo ndivyo nilivyozoea kusema katika soko la Migwani, na nilikuwa na haki. Shule niliachia darasa la sita, lakini ndengu, yaani choroko, niliyonunua na kuuza kwa mikono hii ingejaza malori, na stoo ya mawe nilijenga bila mkopo wa mtu. Matapeli wakinipigia ati nimeshinda gari, nawaambia wampelekee mama yao.

Asubuhi moja meseji ikaingia kwa intaneti, ikiwa na jina na picha ya muthoni wangu wa Nunguni, baba ya kijana aliyeoa binti yangu. "Muthoni, kuna namba sita zimekuja kwa simu yako kwa makosa. Nirudishie haraka."

Mtu mwingine ningemhoji mpaka achoke. Lakini kwetu muthoni haulizwi. Akiomba, unatoa. Nikaangalia simu, kweli namba zilikuwa zimeingia, na chini yake paliandikwa usimpe mtu yeyote. Nilisoma, nikatuma.

Papo hapo akaunti yangu ya meseji ikanifungia nje, mwizi akaingia. Akawaandikia wateja wangu: ndengu mpya iko, bei nzuri, tumeni deposit leo kwa namba hii. Wakatuma. Wangekataa kwa nini? Neno langu lilitosha.

Jioni wakajaa stoo.

"Mzee, ndengu yetu iko wapi?"

"Si mimi niliandika."

"Na hiyo picha ni ya nani? Pacha wako?"

Mke wangu, kando ya mizani, akasema wote wasikie, "Mjanja wa Migwani, leo umepimwa."

Nikampigia muthoni. Akakohoa kwanza. Kumbe akaunti yake iliibiwa jana yake, kwa njia hiyo hiyo, na alijua.

"Ningeanzaje kukuambia, muthoni? Nionekane mjinga kwa watu tuliooa kwao?"

Matusi yalinijaa mdomo. Nikamwambia asante.

Ningewaambia wateja waende polisi. Lakini ukiitwa mwizi hapa, hata ndengu uliyolima mwenyewe hainunuliwi. Niliuza mafahali, nikamrudishia kila mtu pesa yake mkononi, wengine wakiona. Polisi niliwaendea mwenyewe, wakaandika, basi. Muthoni tukikutana tunaulizana habari za mvua. Hajatoa hata pole, nami siwezi kumdai. Nililipa peke yangu, shilingi elfu themanini na sita na mia nne.