Miaka Sita ya Tarsis

Tarsis hakupendwa na mtu, na jambo hilo alilijua na kujivunia. Katika nyumba ya Bushiri pale Ilala, alikopanga chumba cha pili mkono wa kushoto, wapangaji wenzake walimwamkia kwa adabu zao wenyewe, si kwa sababu yeye alistahili. Alinung'unikia maji, alinung'unikia moshi wa majiko, alinung'unikia watoto waliocheza koridoni. Miaka thelathini na minne alikuwa karani wa bohari, akahesabu misumari na mabati ya watu, na hakuna aliyewahi kumpunja hata msumari mmoja. Ndiyo maana lilipomfika hili alichukua muda mrefu kukubali kwamba aliyempunja ni yeye mwenyewe.

Balaa lilianza na mkojo. Mwanzoni mwa mwaka 1984 mkojo ulimfunga kabisa, akapelekwa hospitali akiwa anatokwa jasho, wakamtia mpira wa kutolea mkojo, daktari akamwambia ni tezi na dawa yake ni kupasuliwa. Matibabu yalikuwa bure. Bure hiyo Tarsis aliifahamu vizuri sana: kitanda ni bure ukikipata, daktari ni bure ukimwona, lakini uzi, glavu na dawa ya usingizi vimekwisha, nenda katafute mwenyewe. Hata mpira wenyewe, unaotakiwa kubadilishwa kila baada ya wiki tatu, haukuwepo. Aliununua Mchikichini kwa dresa mmoja, mfunga vidonda wa hospitali, aliyeuza vitu vya serikali chumbani kwake, kwa bei ya kukata maini, na mwizi yule hakuwa na haya hata ya kumwangalia usoni.

Kwao Kilimanjaro ilikuwepo hospitali ya misheni iliyopasua tezi bila kumzungusha mtu. Ila wao walitaka fedha taslimu, na walizitaka kabla ya kisu.

Fedha zilikuwepo. Kila mwezi, tangu mfuko wa akiba ya wafanyakazi uanzishwe, mshahara wake ulikatwa, na mtu akifika miaka hamsini na mitano anachukua chote kwa mkupuo. Tarsis alikuwa na hamsini na minane. Akaandika barua ya kuomba kupumzika, kwa mwandiko wake mzuri wa kikarani, wala hakutaja ugonjwa, maana hakutaka vijana wa bohari wamcheke. Meneja alikubali siku hiyohiyo, tena kwa haraka iliyomuudhi. Wakampa mshahara wa mwezi mmoja na saa ya ukutani isiyo na betri, mwaka ambao betri hazikuonekana Dar es Salaam nzima.

Dirishani kwenye ofisi ya akiba alikaa binti aitwaye Fakhriya, mtoto wa Kiarabu mwenye miwani.

"Shikamoo mzee," alisema.

"Marahaba. Nimefuata changu."

Fakhriya akafungua jalada, akasoma, akamwangalia, akasoma tena. "Mzee, una miaka hamsini na miwili. Rudi baada ya miaka mitatu."

"Nina hamsini na minane!"

"Kadi yako inasema umezaliwa 1932."

"Nani kaandika upuuzi huo?"

"Wewe, mzee wangu. Sahihi yako hii hapa."

Tarsis akaiangalia sahihi yake ya ujanani, ina mikia na mapambo. Mwaka 1950 kozi ya makarani wa bohari ilitaka vijana wasiozidi miaka ishirini. Yeye alikuwa na ishirini na minne. Alikuwa mfupi, hana ndevu, akasema ana kumi na minane, na Mzungu akaandika. Hivyo tu. Miaka sita aliikata kwa neno moja, akapata kazi, na tangu hapo karatasi zake zote zilikuwa changa kuliko yeye.

"Kama una ndugu wa damu anayejua ulivyozaliwa," Fakhriya alisema kwa upole uliomchoma zaidi, "aende akaape mbele ya hakimu. Ukileta hicho kiapo tutakulipa. Mmoja tu anatosha."

Mmoja tu. Na kweli alibaki mmoja tu duniani, na ndiye ambaye Tarsis hakutaka hata kusikia jina lake.

Alijaribu kwanza kuvumilia. Kisha akaja Nassibu, balozi wa nyumba kumi, na daftari la kodi ya maendeleo kwapani na mgambo wawili nyuma yake. Tarsis akamwambia yeye ni mzee, hana kazi, hana mshahara, amsamehe. Nassibu akaomba kadi, akaisoma kwa sauti ili koridoni wote wasikie.

"Hamsini na miwili! Wewe si mzee, ndugu. Wewe una nguvu za kujenga taifa. Lipa, au twende kituoni ukaeleze kwa nini kijana kama wewe hana kazi."

Wapangaji wakacheka. Bushiri mwenye nyumba, aliyekuwa akimdai kodi ya chumba ya miezi miwili, alicheka kuliko wote. Tarsis akalipa kwa fedha alizotenga kununulia mpira. Mpira wa zamani ukabaki mwilini wiki ya nne, akaanza kutetemeka kwa homa, na mkojo ukabadilika rangi. Alimlaani Nassibu, akamlaani yule dresa, akamlaani Mzungu wa mwaka hamsini. Alipomaliza kulaani akavaa shati safi, akaenda Kariakoo kwa mdogo wake.

Onesphory alikuwa na duka Mtaa wa Sikukuu, na wateja walimwita Mangi, kama wenye duka wote wa Kichagga. Alikuwa mdogo wa Tarsis kwa miaka mitatu, na kwa Wachagga kitindamimba ndiye anayerithi nyumba ya baba na kihamba chake, yaani shamba la ukoo, na mama hubaki naye mpaka afe. Baba yao alipofariki mwaka 1968, Tarsis alikitazama kihamba kile, kahawa yake, migomba yake, mfereji unaopita katikati, na roho ya tamaa ikamwingia. Akaenda mahakamani na kadi yake ya kazi. Wote wawili walibatizwa siku moja, Pasaka ileile baba yao aliyokubali kuingia dini, na padre aliandika tarehe ya ubatizo tu. Kwa hiyo Onesphory alikuwa na mdomo, na Tarsis alikuwa na karatasi yenye muhuri wa serikali inayosema kazaliwa 1932, miaka mitatu baada ya Onesphory, yaani yeye ndiye wa mwisho kuzaliwa. Wazee wa ukoo walioijua kweli walikunywa mbege ya Tarsis, wakakaa kimya. Hakimu akaamini karatasi.

Mama yao alikataa kuishi chini ya mwizi. Ndivyo alivyosema, mwizi, mbele ya watu. Akamfuata Onesphory Dar es Salaam, akakaa miaka sita katika chumba cha uani nyuma ya duka, akafa huko akitaja migomba yake. Onesphory aliandika barua kuomba azikwe nyumbani. Tarsis hakujibu, kwa sababu aliona akikubali kaburi moja atakuwa amekubali na madai mengine. Mama akazikwa Kinondoni, kati ya watu asiowajua. Na kihamba chenyewe Tarsis hakukifaidi: msimamizi aliuza kahawa, akala, akamwandikia kwamba mvua zilikuwa mbaya.

Asubuhi ile unga wa Yanga, ule wa mahindi ya njano, ulikuwa umefika, na foleni ya akina mama ilitoka dukani mpaka barabarani. Tarsis akaipita foleni.

"We baba, panga mstari!" mama mmoja mnene alifoka. "Mangi, mwone huyu!"

Onesphory akainua macho kutoka kwenye mizani. Miaka kumi walikuwa hawajaonana. Hakushtuka wala hakutabasamu. Akaendelea kupima.

"Nina shida," alisema Tarsis kwa sauti ya chini.

"Sema tu. Hapa hatuna siri."

Ikabidi aseme yote mbele ya watu, tezi, mpira, akiba, miaka mitatu ya kungoja, huku akina mama wale wakitega masikio bila aibu. Akatoa mfukoni karatasi ya kiapo aliyochapishiwa na wapiga taipu wa barabarani. Ilihitaji mtu wa kuapa tu. Kisha akasema lile aliloliwaza njia nzima na kuona ni kubwa mno: "Kihamba nakurudishia. Chote. Tutaandikishana."

Onesphory akaweka mizani chini.

"Na mama je? Utamrudisha vipi?"

Tarsis akaiweka karatasi juu ya kaunta.

"Kihamba kaa nacho," alisema Onesphory. "Mimi nataka kitu kidogo tu. Niamkie."

"Nini?"

"Niamkie. Miaka kumi na sita wewe ni mdogo wangu kwa amri ya mahakama, na hujaniamkia hata siku moja. Niamkie kwa heshima, halafu tuzungumze habari ya karatasi."

 Tarsis alimwangalia mtoto huyu ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni na kumfuta makamasi, na hasira ikampanda. Angekuwa mzima angemtandika kofi. Lakini mguuni, chini ya suruali, mfuko wa mkojo ulikuwa umejaa na kuvuta, na kiuno kilimwaka moto, na hakutaka kufa. Hilo ndilo alilolijua kwa hakika asubuhi ile: hakutaka kufa.

"Shikamoo," alisema.

"Sikusikia. Shikamoo nani?"

"Shikamoo, kaka Onesphory."

"Marahaba, mdogo wangu."

Mama mnene akaguna kwa huruma, akasema basi Mangi, yaishe, msaidie mwenzako. Onesphory akaichukua ile karatasi. Akavaa miwani, akaisoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesomea kanisani: kwamba mimi Onesphory naapa kuwa Tarsis ni kaka yangu mkubwa, tumbo moja, na amenitangulia kuzaliwa kwa miaka mitatu. Akaikunja vizuri, akaitia tena katika mfuko wa shati la Tarsis, akaupigapiga mfuko ule kwa kiganja.

"Jamani, nyinyi wote mmesikia," aliwaambia walio kwenye foleni. "Huyu bwana ameniamkia kwa mdomo wake, na kaka ameniita. Nani kati yenu amewahi kumwona mkubwa akimwamkia mdogo? Sasa mimi nikaape nini kwa hakimu? Niape uongo, nifungwe?"

Hakuna aliyecheka.  Tarsis akageuka, akaipita ile foleni kwa hatua fupi fupi, mkono mmoja umeshika paja. Alipofika kizingitini sauti ya mdogo wake ikamfuata, haina hasira hata kidogo.

"Rudi baada ya miaka mitatu, mdogo wangu. Utakuwa umeshakua."