Walionisindikiza Kutoka Kaburi la Mawe

Walisema sitafika popote. Mtoto wa muuza makuti wa Temeke aende Ulaya, asome ujenzi kwa lugha ya watu, arudi na diploma? Walisema nitarudi na koti tu. Nilirudi na diploma, na koti pia, nikajenga nyumba ya matofali Tabata wakati wao bado wanakandika udongo. Nayasema haya ujue anayekusimulia si mtu wa kutishwa na vivuli. Jambo hili lilinitokea mimi, na akili zangu timamu, jua halijazama.

Lilianzia Denmark, shambani kwa mzee aliyenipangisha chumba. Katikati ya shayiri yake kulikuwa na kaburi la mawe, la watu wa kale walioishi kabla chuma hakijajulikana. Mawe makubwa yamesimamishwa, na juu yake limelazwa jiwe moja kama paa, zito kuliko lori. Mzee alilima akilizunguka, hakuligusa. Mimi fundi ningeliachaje? Nilitaka kujua jiwe lile la juu walilipandishaje bila winchi. Mlango ulikuwa mfupi, wa kuingia kwa magoti. Nikainama na, amini usiamini, nikapiga hodi. Ndivyo mama alivyonilea.

Hakujibu mtu. Nikapima, nikaisifia kazi yao, nikatoka. Njiani nikasikia shayiri ikichakarisha nyuma yangu, kama watu wanaonifuata taratibu. Nikasema ni upepo.

Miaka ikapita. Alasiri moja ya kiangazi, pale Tabata, mke wangu Zuhura, mja mzito wa mtoto wetu wa kwanza, alikuwa anachambua mchele sebuleni. Akaingia mwanamume mfupi, amejifunga shuka rangi ya majivu. Hodi hakupiga. Mlango wangu niliujenga mrefu makusudi, lakini yeye aliinama mpaka magotini kuupita. Akaketi chini ukutani, magoti kifuani. Miguu ilimjaa tope jeusi, bichi. Tope la wapi, na mvua tumeisahau?

Nikamshuku. Mwizi? Mpelelezi? Miaka ile ya Ujamaa tuliambiwa tuwe macho, na mgeni yeyote lazima balozi wa nyumba kumi amjue. Nikamwita balozi wetu, Mzee Kibwana. Akamuuliza yule mtu ametoka wapi na atakaa mpaka lini.

"Sikuja kukaa," alijibu, Kiswahili safi kuliko changu. "Namsindikiza huyu."

Mzee Kibwana akacheka. "Bwana fundi, wewe mkubwa kweli. Sie wengine tunasindikizwa mpaka njia panda, wewe mpaka sebuleni."

"Hajatuambia turudi," alisema yule mtu.

Zuhura ndiye aliyelidaka neno. "Hajawaambia? Wenzako wako wapi?"

"Nje."

Zuhura alitoka kuangalia, akarudi amekumbatia tumbo. Hakukuwa na mtu, lakini nyumba nzima ilikuwa imezungukwa na nyayo za tope lile, za wakubwa na za watoto. Akaanza kufunga khanga zake. Aliniambia anakwenda kujifungulia kwa mama yake, na hao wakiendelea kuwepo, mimi mwanangu nitamsikia kwa kusimuliwa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Niliwapigia hodi, nikawa mgeni wao. Mgeni husindikizwa, na ni yeye mwenyewe anayesema inatosha. Mimi sikusema. Walinifuata kwa adabu zao, bahari na nchi kavu, wakingoja ruhusa.

Nikapiga magoti mbele yake. "Basi, jamani. Mmenifikisha. Asanteni, rudini."

Alinitazama sana, akaitikia kwa kichwa. Akainama tena mlangoni, akatoka. Nje vumbi lilitimka bila upepo, likashika njia ya kaskazini mpaka likapotea. Mzee Kibwana aliondoka bila kuaga, na kwangu hakukanyaga tena.

Zuhura alibaki. Binti yetu sasa ni mwalimu. Ila pale alipoketi yule mtu sakafu haikauki. Nimeivunja, nimeimwaga upya kwa saruji nzuri, mimi mwenye diploma, na unyevu unapanda vilevile. Na kila nikitoka kuzika, hugeuka nikasema kwa sauti, "Inatosha, rudini." Watu hunong'ona kwamba fundi amevimba kichwa, anaamrisha hata marehemu. Waache waseme. Wewe ukitoka makaburini, geuka uwaage hivyohivyo, hata kama unadhani umetoka peke yako.