Lei ya Herufi Kubwa

Juzi nilikuwa nimesimama mbele ya duka la mikate, begi mgongoni, nikisubiri basi la kunitoa mji mmoja kunipeleka mwingine, mlango ukafunguliwa na harufu ya shamari ikatoka kama mtu aliyekuwa akinitafuta. Shamari iliyookwa pamoja na unga na sukari. Basi likaja, likaondoka, mimi nimesimama palepale. Pua yangu ilikuwa imenirudisha Toronto, jikoni kwa bibi mmoja wa Kiitaliano, na kutoka jikoni kwake ikanipeleka kwenye chumba cha mtihani ambacho hadi leo sijakielewa sawasawa. Nisaidieni kukielewa, maana mimi shule niliiacha mapema, na mambo mengi nimeyaokota njiani.

Bibi huyo aliitwa Signora Assunta. Mama yangu, Vumilia, ndiye aliyekuwa akimtunza: kumwogesha, kumpikia, kumkumbusha dawa. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kuniangalia baada ya shule, kwa hiyo Signora mwenyewe aliamuru niletwe kwake. Aliniweka mezani, akanisogezea biskuti za shamari, akaanza kuzungumza. Hakunifundisha. Alizungumza tu, kama redio iliyopoteza kitufe cha kuzimia, nami nikazoea. Kiitaliano, ukikisikiliza vizuri, hakina ugomvi na mdomo wa Mswahili. Karibu kila neno huishia kwa irabu, kama yetu. Nadhani ndivyo kilivyonidanganya. Nilidhani nakijua tayari.

Siku moja nilimweleza kwa fahari kwamba kwetu amekuja mgeni, kaka yetu wa Ottawa, na neno kaka nikaliacha kwa Kiswahili. Signora akabana pua kwa vidole viwili. Kwao kaka ni kile anachokifanya mtoto mchanga kwenye nepi. Alicheka mpaka Mama akaja mbio na glasi ya maji. Tangu siku hiyo, kila nikiingia mlangoni aliniuliza, "Kaka yenu hajambo? Mmeshamfuta?"

Alikuwa pia na methali ya kila jambo. Aliyoipenda zaidi ilisema kwamba aendaye polepole huenda salama na hufika mbali. Nilipomtafsiria Mama, alitikisa kichwa bila kuacha kupiga pasi. "Hiyo waliiba kwetu," akasema.

Sasa, nilipofika sekondari nikakuta Kiitaliano kinafundishwa, nikajiandikisha. Hakuna aliyenielewa. Mkurugenzi wa masomo alitaka nichukue Kifaransa kwa sababu tumetoka Kongo. Kanisani, Mama Riziki, aliyekuwa na mabinti wawili manesi, alinishika kidevu mbele ya watu. "Kiitaliano, Furaha? Utakwenda kumwuguza Papa?" Watu wakacheka. Mama hakucheka, wala hakunitetea. Naye hakuelewa. Ila alikuwa ameona jinsi ninavyokaza macho nikisikia jina la mahali nisipopajua, na nadhani alihofia kwamba siku moja nitaondoka.

Kisha mwalimu wetu akatangaza mtihani wa kitaifa. Wanafunzi wa Kiitaliano wa nchi nzima wangeandika karatasi ileile, waliofanya vizuri wangeitwa kwa mahojiano ya mdomo, na mshindi wa kwanza angepelekwa Italia kiangazi kizima. Kiangazi kizima! Nilikuwa na miaka kumi na sita na sikuwahi kutaka kitu namna ile. Nilianza kulala na ramani. Nilijua majina ya mito ya Italia kuliko mitaa ya Regent Park tulikoishi.

Mtaa wenyewe ulikuwa unabomolewa. Wakubwa walisema majengo yetu ni ya zamani, yatavunjwa, yatajengwa mapya, na sisi tutahamishwa kwa muda kisha turudi. Mama alipokea habari hizo kama mtu anayesikiliza kikohozi anachokifahamu. Alikuwa ameondoka Uvira kwa miguu, akaondoka Bujumbura kwa lori, akaondoka kambini Kigoma kwa basi, na sasa barua ilikuwa inamwambia aanze kufunga vyombo tena. Mimi nilifurahi. Nyumba mpya! Labda ghorofa ya juu!

Jambo moja lazima niwaeleze hapa, la sivyo hamtanielewa. Mimi nilikuwa mdomo wa Mama. Kiingereza chake kilitosha kwa Signora na kwa dereva wa tramu. Kwingine kote, kliniki, benki, ofisi ya nyumba, nilikwenda naye, na kila mahali ilikuwa hivyohivyo: mtu nyuma ya meza ananitazama mimi, anauliza habari za Mama. Yeye amezaliwa wapi? Yeye anaumwa wapi? Yeye anaishi na nani? Tangu utoto wangu sikumbuki mtu wa ofisi akiniuliza habari zangu. Nilikuwa dirisha la kumtazamia Mama, na nilijivunia kuwa dirisha safi.

Karatasi ya kuandika niliipita vizuri sana, nikaitwa kwa mahojiano. Yalikuwa Jumamosi, katika shule moja ya upande wa magharibi. Mama alinisindikiza akitoka kazini, na viatu vyake vya kazi. Alibaki kwenye korido, ambako benchi lilikuwa limejaa wazazi, kwa hiyo aliegemea ukuta.

Ndani walikuwa wawili: mama mmoja aliyevaa miwani yenye mnyororo wa shanga, na bwana mwembamba mwenye tai. Walinikaribisha kwa heshima kubwa. Na heshima hiyo ndiyo iliyoniponza.

Katika Kiitaliano, mtu unayemheshimu humwambii "wewe." Unamwambia "Lei," ambalo ndilo neno lilelile la "yeye," yeye mwanamke. Nililijua hilo. Tulifundishwa, na tukafundishwa kwamba lile la heshima huandikwa kwa herufi kubwa ili lisichanganywe na lingine. Kwenye karatasi sikulikosea hata mara moja. Lakini masikioni hakuna herufi kubwa. Na Signora Assunta miaka yote alikuwa akiniita "wewe," kama bibi anavyomwita mjukuu. Hakuna Mwitaliano aliyewahi kuniheshimu kabla ya siku ile.

"Lei anaitwa nani?" akauliza mama wa miwani.

Nilisikia swali ninalolifahamu tangu utoto. Yeye anaitwa nani. "Anaitwa Vumilia," nikajibu.

Alitazama karatasi yake, akanitazama, akatazama karatasi tena. Nikamhurumia, nilidhani miwani haimfai.

"Lei amezaliwa wapi?"

"Amezaliwa Uvira, kando ya ziwa refu."

"Ana ndugu?"

"Walikuwa saba. Wamebaki wawili."

Bwana wa tai aliacha kuandika. Mama wa miwani akalainisha sauti, akauliza jambo jepesi, wakati wa mapumziko anapenda kufanya nini.

"Hana mapumziko," nikasema.

"Pole. Na anaishi na nani?"

"Na mimi."

Hapo bwana wa tai alikohoa, akainama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka. Mimi nilikuwa natiririka. Sikuwahi kuzungumza Kiitaliano kizuri namna ile, kila kitenzi mahali pake. Nilikwisha kuiona Italia imenyoosha mkono kunipokea.

Ndipo likaja swali la mwisho. "Na Lei, akiwa mkubwa, anataka nini?"

Mama alikuwa mkubwa tayari. Labda wanasema uzeeni, nikafikiri. Mama anataka nini? Nilitafuta kichwani. Nilijua vipimo vya shinikizo lake la damu, nilijua jina la kijiji cha bibi yake, nilijua ni dawa gani humletea vipele. Anachokitaka sikukijua. Hakuna ofisi iliyowahi kuuliza.

"Sijui," nikasema. "Yuko nje. Muulizeni."

"Nani yuko nje?"

"Yeye."

"Yeye nani?"

"Si huyo mnayemuuliza! Yeye!"

Walitazamana. Bwana wa tai akanyanyuka, akafungua mlango, akachungulia kwenye korido kama mtu aliyeambiwa kuna simba. Kisha akapisha, na Mama akaingia, mkoba umekumbatiwa kifuani.

"Kuna shida gani tena?" akaniuliza. "Banataka nini?"

"Hakuna shida, Mama. Wanauliza unataka nini."

"Mimi? Ni watu wa nyumba?"

"Hapana. Ni wa Kiitaliano."

Mama aliwakagua mmoja mmoja, polepole. Mama wa miwani alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Nafikiri alikuwa ameshaelewa, lakini hakutukatiza. Alitikisa kichwa tu, kuniambia endelea. Mama hakuharakisha. Alishusha pumzi, akasema kwa sauti ya chini, bila kumtazama yeyote:

"Uwaambie niko nataka kukaa. Basi."

Nikatafsiri hapohapo, kwa fahari: anaomba kiti.

Bwana wa tai aliruka kama aliyechomwa, akavuta kiti chake mwenyewe, akakipangusa kwa tai. Mama alikitazama kiti. Alinitazama mimi. Akakitazama tena, kisha akakiketia pembeni kabisa, mkoba mapajani, akasema, "Aksanti." Tukabaki hivyo, watu wanne, kila mmoja akiwa hajui mwenzake amefika wapi.

Kwenye tramu ya kurudi aliniuliza, "Mbona walinipa kiti?"

"Si uliomba?"

"Ehee," akasema, akageukia dirishani. Nilidhani amechoka.

Usiku wa tuzo ulifanyika katika ukumbi wenye sinia za lazanya, tambi zao za kuokwa, kando ya kuta zote. Italia ilikwenda kwa msichana wa Markham aliyevaa gauni la buluu. Nilimpigia makofi. Mimi niliitwa mwishoni, kwa tuzo waliyoiita kutajwa kwa heshima. Mama hakujua tofauti. Kusikia "Furaha" tu alipiga vigelegele mpaka watu wa lazanya wakasimamisha vijiko. Mwalimu ndiye aliyenivuta pembeni na kunieleza nilichokifanya siku ile: kwamba yule "yeye" nilikuwa mimi, tangu swali la kwanza. Nilikosea neno la heshima, wakanipa heshima. Nilicheka, kisha nikaenda chooni nikalia, na sikujua kwa hakika nalilia nini. Safari, nilijiambia. Njiani nilimweleza Mama kosa langu. Alisema tu, "Kumbe."

Kabla ya majani kuanguka tulihamishiwa Malton, karibu na uwanja wa ndege. Ndege zilipita juu ya paa, nami nikazisikiliza badala ya kusoma. Mwaka uliofuata niliacha shule. Nimefanya kazi ghalani, mashambani, kwenye meli ya mtoni, jikoni mwa hoteli tatu. Italia nimefika, nilikuwa naosha vyombo. Popote ninapokwenda hujifunza maneno ya watu, na kabla hayajazoea mdomo wangu ninaondoka.

Ilikuwa kwenye mojawapo ya kazi hizo, Winnipeg, alipokuja Mtanzania mmoja mpya, mtu wa Tabora, mchangamfu. Aliposikia natamka neno la Kiswahili alinishika mkono kwa furaha, akaniuliza lile swali ambalo kila Mswahili humwuliza mwenzake.

"Dada, unakaa wapi?"

Nikamkazia macho. Alidhani hakusikika, akarudia. "Hapa mjini, unakaa wapi?"

Kukaa. Miaka yote hiyo neno lilikuwa limelala ndani ya sikio langu likiwa kiti. Nilimwona Mama katikati ya chumba kile, mkoba kifuani, mwanamke wa miji minne na barua ya kuondoka tena iko mezani nyumbani. Watu wawili wastaarabu wanamuuliza, kwa mara ya kwanza maishani mwake, anataka nini. Anajibu. Na mdomo wake, yaani mimi, unamletea kiti.

Nilimpigia simu jioni ileile. Alikuwa amesharudi Regent Park, jengo jipya, ghorofa ya pili. Niliuliza bila hata kumsalimu vizuri.

"Mama, siku ile ya Waitaliano, uliposema unataka kukaa, ulitaka kukaa gani?"

Alicheka, kicheko kirefu. "Usijisumbue, mwanangu. Miguu nayo ilikuwa inaniuma. Kile kiti kilinisaidia."

Sijui kama ni kweli au ni kunifariji. Labda hata yeye hajui. Nimekuja kuona kwamba maneno mengine hayatafsiriki mpaka mtafsiri mwenyewe ayahitaji, na mimi, nikiwa na miaka kumi na sita, nilihitaji kuondoka tu.

Nilitaka kuaga, lakini hakuwa amemaliza.

"Furaha, ulisema lile swali lilikuwa lako. Akiwa mkubwa anataka nini. Mimi nilijibu. Wewe je?"

"Bado nafikiri, Mama."

"Fikiri ukiwa umekaa," akasema. "Mtembezi hula miguu yake."